Abramu na Mali ya Mfalme wa Sodoma

Somo: Mwanzo 14:17-24



Katika ukurasa huu tumezoea kuwaletea mafundisho ya majira ya Kanisa. Mwezi huu twaomba mtuvumilie, maana liko jambo linaloikabili parokia yetu, na halmashauri imeona si vema lizungumzwe chini ya mwembe tu baada ya ibada. Ni jambo la fedha, tena ni jambo la siasa. Lakini kabla ya hayo yote ni jambo la imani.

Ninyi nyote mwaijua nyumba ya kasisi. Kuta zimefika kwenye linta, na hapo zimesimama, huu ni mwaka wa tatu. Mvua yanyesha ndani, na majani yameota mahali pa sebule. Fundi ametuambia kwamba kuimaliza kwahitaji shilingi 1,800,000. Mwezi uliopita tulipata ujumbe kutoka kwa mtu anayekusudia kugombea kiti katika uchaguzi ujao. Yuko tayari kuwa mgeni wa heshima katika harambee yetu na kutoa fedha hizo zote kwa siku moja. Aliomba mambo mawili tu: apewe nafasi ya kuwasalimu watu baada ya mahubiri, na jina lake liandikwe kwenye jiwe ukutani.

Baadhi yetu tulifurahi. Baadhi walinyamaza. Mama mmoja katika halmashauri akauliza, "Huyu ametupenda tangu lini?" Swali hilo ndilo lililotufanya tufungue Biblia.

Katika sura ya 14 ya Mwanzo twasoma kwamba wafalme wanne walikuja wakaipiga Sodoma, wakachukua mali na watu, pamoja na Lutu, mwana wa ndugu yake Abramu. Abramu akawatoa watu wake 318, akawafuatia usiku, akarudi na watu wote na mali yote. Njiani wakaja wafalme wawili kumlaki. Wa kwanza ni Melkizedeki, aliyeleta mkate na divai na kumbariki. Naye Abramu akampa sehemu ya kumi. Wa pili ni mfalme wa Sodoma. Huyu alitaka arudishiwe watu wake, na mali yote ibaki kwa Abramu.

Angalieni, ndugu zangu, jinsi neno lile lilivyokuwa zuri machoni pa watu. Kwa desturi ya zamani zile, nyara zilikuwa haki ya mshindi. Hakuna ambaye angemlaumu Abramu. Lakini alikataa hata uzi, hata ukanda wa kiatu. Akaitoa sababu yake waziwazi: asije mfalme yule akapata kusema kwamba ndiye aliyemtajirisha Abramu. Aliacha tu chakula walichokwisha kula vijana, na fungu la wenzake watatu waliokwenda naye vitani. Kwa nafsi yake hakuchukua kitu.

Abramu hakuikataa mali kwa kuwa mali ni mbaya. Alijua kwamba kila zawadi ina mdomo. Iko siku itasema, na siku hiyo yule aliyeipokea atalazimika kunyamaza.

Sisi wenyewe tumekwisha kuyaona haya, na yatupasa tuyakiri. Katika mwaka wa uchaguzi wa 2022 tulimwalika mgeni wa heshima tulipotafuta mabati ya ukumbi. Alikuja na magari sita. Ibada ilikatizwa ili apokewe. Aliwatolea kwaya bahasha, akawatolea vijana bahasha, akataja hadharani kiasi alichotoa, nasi tukapiga makofi. Siku ileile wajane wetu walileta mfuko wao wa sarafu walizoweka tangu Kwaresima, na hakuna aliyelitaja jina la hata mmoja wao. Nje ya uzio vijana walipigana kwa ajili ya noti zilizorushwa kutoka dirishani mwa gari.

Baada ya uchaguzi, zahanati yetu ilikaa miezi bila dawa za kutosha. Tukatuma wazee wanne waende kwa yule tuliyemchagua, wamwombe aliulize jambo hilo mahali panapohusika. Wazee walikaa barazani tangu asubuhi hata alasiri. Mwishowe wakaletewa jibu na msaidizi wake: hesabu yetu na mheshimiwa ilikwisha siku ile ya mabati. Hatukuwa na la kujibu. Mfalme wa Sodoma alikuwa amesema, nasi tulikuwa tumevaa viatu vyake.

Si vema tuidharau harambee yenyewe. Neno hili ni la heshima katika nchi yetu ya Kenya. Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta alilifanya kuwa wito wa taifa, na kwa nguvu hiyo watu walijenga shule, zahanati na mifereji ya maji mahali ambapo Serikali ilikuwa haijafika. Mwenye shilingi alileta shilingi, mwenye mikono alileta mikono, mwenye mbuzi alileta mbuzi. Lakini kadiri miaka ilivyopita, mezani pa harambee pakawekwa kiti kirefu kwa ajili ya mtu mmoja. Watu waliokuja kujenga wakawa watazamaji. Hata sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 iliona hatari hiyo, ikawawekea watumishi wa umma mipaka katika kukusanya michango.

Mmoja wetu aweza kuuliza: Kuna ubaya gani tajiri akitoa? Basi na tuulize tena: Fedha hizo zatoka wapi, na zitarudi wapi? Wenye umri wanaukumbuka mwaka 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi ya chama kimoja. Fedha zilimwagwa kama maji. Noti ya shilingi 500 watu waliipa jina la kijana mmoja wa siasa wa wakati ule. Wakati huohuo kampuni ya Goldenberg ilikuwa ikilipwa mabilioni ya fedha za umma, eti kwa kuuza nje dhahabu na almasi ambazo nchi yetu haikuwa nazo kwa kiasi hicho. Fedha zikawa nyingi, bidhaa hazikuongezeka, na mwaka 1993 bei za vitu zilipanda kwa karibu 46 kwa mia. Maana yake, kikapu cha unga, sukari na mafuta ya taa kilichonunuliwa kwa shilingi 100, kilitaka shilingi 146 mwaka uliofuata. Aliyepewa noti ya bure wakati wa kampeni aliirudisha dukani kidogo kidogo. Na yule ambaye hakupewa kitu, yeye pia alilipa.

Hivi ndivyo ilivyo hata leo, ingawa njia zimebadilika. Mtu akitumia mamilioni kukipata kiti, atayatafuta mamilioni yale akiwa juu ya kiti. Atayapata katika zabuni ya barabara, katika dawa zinazonunuliwa kwa bei maradufu, katika mkopo unaochukuliwa kwa jina letu. Mkopo huo ni wetu sote. Katika mwaka wa fedha 2023/24, zaidi ya nusu ya kodi iliyokusanywa nchini ilikwenda kulipa madeni na riba. Kile kilichobaki ndicho cha shule, hospitali na mishahara.

Ndipo ulipokuja Mswada wa Fedha wa mwaka 2024, uliokusudia kukusanya kodi zaidi ya shilingi bilioni 300. Mwanzoni hata mkate ulitajwa katika mambo ya kutozwa kodi. Vijana walitoka barabarani. Tarehe 25 Juni Bunge liliupitisha mswada, na siku hiyohiyo waandamanaji wakaingia Bungeni; wengine wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais alisema hatautia sahihi. Twawaombea hata sasa wazazi waliowazika watoto wao. Lakini tusisahau kwamba vijana wale walilikemea Kanisa pia. Walisema waziwazi kwamba madhabahu zetu zimepangishwa. Walikuwa ni watoto wetu, waliobatizwa hapa na kuimba hapa, nao walikuwa wameziona zile bahasha.

Katika nchi inayotawaliwa kwa kura, mtawala hutoa hesabu kwa wananchi. Hiyo ndiyo maana yake hasa. Kura ni njia ya kumwambia mtu, "Tumekupa kazi, utatueleza umeifanyaje." Lakini aliyenunua kitu hana sababu ya kujieleza kwa muuzaji. Ukinunua kuku sokoni, mwenye kuku hakuulizi umempika namna gani. Basi, auzaye kura hauzi kipande cha karatasi. Auza swali lake la miaka mitano.

Esau alirudi kutoka nyikani akiwa na njaa, akauza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha mara moja (Mwanzo 25:29-34). Mahubiri mengi yamemlaumu Esau, na ni kweli alikosa. Lakini ni mara ngapi tumemwuliza Yakobo, aliyekuwa na chungu cha dengu mkononi na ndugu yake anaanguka kwa njaa? Kwa hiyo hatumhukumu mama ambaye watoto wake hawajala, akapokea shilingi 200 akanunua unga. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 yamhesabia hatia mwenye kutoa na mwenye kupokea pia, nasi hatuwezi kumwambia mtu kinyume chake. Lakini mbele za Mungu mwenye chungu ana hesabu kubwa zaidi. Na sisi halmashauri hatukuwa na njaa siku ile ya mabati. Tulikuwa na haraka tu. Hatuwezi kujificha nyuma ya yule mama.

Wengine husema, "Siasa ndivyo ilivyo, haiwezi kubadilika." Neno hilo si kweli. Huko Uingereza, walikotoka wamisheni waliotuletea Kanisa hili, zamani wapiga kura walinyweshwa pombe na kulipwa fedha mchana kweupe, na mtu alipiga kura kwa sauti mbele ya bwana wake. Mwaka 1872 ikawekwa kura ya siri, na mwaka 1883 ikapitishwa sheria iliyoweka mpaka wa fedha za kampeni. Haikuwa kazi ya siku moja, lakini mambo yalibadilika. Tena si kwamba nchi kubwa zimekwisha kupona. Huko Marekani, mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba makampuni yasizuiwe kutumia fedha zao wenyewe kuwatetea au kuwapinga wagombea, na tangu hapo swali la tajiri na kura ya maskini limezidi kuwasumbua. Sisi nasi tulipitisha sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013, lakini uchaguzi wa 2017 na ule wa 2022 ulipita bila mipaka hiyo kutumika. Sheria isiyo na watu wanaoipenda ni kama mlango usio na komeo.

Kanisa letu limekwisha kusema. Septemba 2021 huko Butere, siku ile Rose Okeno alipowekwa wakfu, akiwa mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi katika Kanisa la Kianglikana la Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwaambia wanasiasa waliokuwapo kwamba wanakaribishwa kuabudu, lakini hawatapewa nafasi ya kuhutubia katika ibada. Na Novemba 2024 ndugu zetu Wakatoliki walituonyesha mfano, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipoagiza fedha zilizotolewa na Rais na wanasiasa wengine katika parokia moja zirudishwe. Twajua haikuwa rahisi. Parokia ile nayo ilikuwa na nyumba ya padre ya kujenga.

Yako mambo mawili yatakayosemwa, nasi twapenda kuyajibu kwa upole.

La kwanza, watu watasema fedha haina dini, na kwamba Sulemani alipata mierezi kwa Hiramu, mfalme wa Tiro. Ni kweli. Lakini someni 1 Wafalme 5 mpaka mwisho: Sulemani alimlipa Hiramu kwa ngano na mafuta. Ilikuwa biashara ya haki, kila mtu akapata chake. Hiramu hakuomba asimame hekaluni kuwasalimu watu.

La pili, watasema twawachukia wanasiasa. Hasha! Siasa ni utumishi, na twatamani Wakristo wema zaidi waingie humo. Mheshimiwa akija Jumapili, na apokewe kama mtu yeyote, aketi pamoja nasi, aungame pamoja nasi, atie sadaka yake katika kikapu kilekile bila kutangazwa. Kazi tunayoitaka kwake si mabati. Twataka asome makadirio ya fedha kabla ya kuyapigia kura, aulize dawa za zahanati zilikokwenda, arudi kutueleza. Hiyo ndiyo harambee yake.

Sasa twarudi kwenye nyumba yetu. Hatupendi kuwadanganya: tukikataa, kasisi wetu na jamaa yake watakaa miaka miwili zaidi katika vyumba viwili vya kupanga, na kodi itazidi kutulemea. Tulimwuliza yeye mwenyewe. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ni afadhali nivujiwe na mvua kuliko nihubiri nikiwa nimefungwa kinywa." Mkewe alikuwa ameketi karibu, akaitika kwa kichwa. Hatukuona haki ya kuwa waoga kuliko wao.

Bwana Yesu aliketi kuielekea sanduku ya hazina, akawatazama watu wakitoa (Marko 12:41-44). Matajiri walitia vingi. Mjane akatia sarafu mbili. Hakuna aliyempigia mjane yule makofi, lakini Bwana alimwona, akawaita wanafunzi wake ili nao wamwone. Basi na tufanye hesabu kwa kumfuata mjane. Parokia yetu ina nyumba 240 zilizoandikwa. Tukigawa shilingi 1,800,000, kila nyumba ni shilingi 7,500. Kwa miezi 24 ni kama shilingi 313 kwa mwezi, yaani shilingi 10 na senti kadhaa kwa siku, bei ya andazi moja. Twajua ziko nyumba ambazo hata andazi hilo halipo. Hao watatuletea mchanga na maji, au maombi yao, na daftari litaandika hayo kuwa ni mchango kamili. Wako nao wenye uwezo wa kubeba fungu la nyumba mbili au tatu. Twawajua, nao wanajijua.

Kwa hiyo halmashauri italeta mbele ya mkutano wa mwaka wa parokia mapendekezo haya, nanyi mtaamua:

Kwanza, mgombea wa kiti chochote, wa chama chochote, asiwe mgeni wa heshima wala asihutubie katika kanisa letu.

Pili, majina na viwango vya watoaji visisomwe hadharani, awe mkubwa au mdogo. Na jiwe la ukutani, kama litakuwapo, liandikwe kwamba nyumba ilijengwa na washarika.

Tatu, bahasha zisipokelewe na kwaya, vijana, Umoja wa Mama wala mzee yeyote kwa niaba ya kundi. Kila kitu kipite kikapuni.

Nne, hesabu ya ujenzi ibandikwe mlangoni kila mwezi, hata gharama ya misumari. Hatuwezi kuidai Serikali hesabu ya matrilioni nasi twaficha hesabu ya saruji.

Katiba yetu ya 2010 imepanga uchaguzi mkuu kuwa Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Kabla ya siku hiyo milango yetu itabishwa mara nyingi. Wenye vyungu vya dengu watakuja. Wafalme wa Sodoma watatulaki njiani na maneno mazuri. Lakini kumbukeni kwamba Abramu alikuwa ametoka kula mkate na divai mikononi mwa kuhani wa Mungu Aliye Juu. Aliyeshiba katika meza ile aliweza kuikataa ile nyingine. Nasi kila Jumapili tunapopiga magoti mbele ya madhabahu, twalishwa chakula ambacho hakuna mtu aliyetununulia ila Bwana mwenyewe, kwa damu yake.

Tuombe:

Ee Mungu, uliyemtunza Abramu asitajirishwe na mfalme wa Sodoma, ututunze nasi. Uwape njaa ya haki wale wanaotaka kututawala, uwape mkate wale wenye njaa, ili mtu asiuze kwa shida kile ulichompa kwa heshima. Utusamehe makofi tuliyoyapiga. Uimalize nyumba tuliyoianza, kwa mikono yetu na kwa wakati wako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ndimi sisi wenzenu katika utumishi wa Bwana,

Halmashauri ya Parokia